Mwamuzi alikwenda Maseno bila mimi: naweza kuipinga tuzo yake?

SWALI: Wakili, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimejenga hosteli ya wanafunzi ya vyumba 24 hapa Maseno kwa pensheni yangu na mkopo wa sacco. Nilikosana na mkandarasi, na kwa kuwa mkataba ulisema tukikosana twende kwa mwamuzi wala si mahakamani, tukaenda. Sasa ameamua nimlipe mkandarasi shilingi 4,380,000: milioni tatu za kazi anayodai sikuilipia (na nakiri baadhi yake aliifanya), 760,000 nilizozuia mpaka kasoro zirekebishwe, na 620,000 za ukuta wa ua. Mkataba unasema kila siku ya kuchelewa anakatwa 5,000, naye alichelewa siku 112. Mwamuzi anasema nilipaswa kumwandikia notisi kwanza, lakini neno notisi halimo katika kifungu hicho! Picha zangu za nyufa, ukiwamo ule unaopita nyuma ya kitanda cha chumba namba tisa na kushuka mpaka sakafuni, hakuzitilia maanani; katika aya ya 61 anasema kwamba ushahidi ulipokwisha kufungwa alikwenda kulitazama jengo akiwa na mkandarasi, wala mimi sikujua kama alikuja. Ule ukuta tulipatana kwa mdomo baadaye, haumo mkatabani. Baruapepe ya kwamba uamuzi uko tayari niliipata wiki nane zilizopita, ila niliuchukua wiki tano zilizopita nilipopata salio la ada yake. Nataka kukata rufaa katika Mahakama Kuu ya Kisumu. Nina haki?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona jambo lile lile. Zile 5,000 za kila siku umeziandikia kwa uchungu mwingi, na haki unayo ya kuumia, lakini hazitakufikisha popote mahakamani. Mwamuzi kuja Maseno na mkandarasi bila wewe umekutaja kama jambo la kupita tu, na hapo ndipo kesi yako ilipo.

Kabla sijaeleza kwa nini, tuhesabu siku. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinampa aliyeshindwa miezi mitatu tangu siku alipoipokea tuzo (yaani uamuzi wa mwamuzi ulioandikwa na kutiwa sahihi). Wewe unahesabu tangu ulipoichukua mkononi. Usihesabu hivyo. Sheria inamruhusu mwamuzi kuizuilia tuzo mpaka alipwe ada yake yote, na mahakama zetu zimeshasema katika kesi kadhaa kwamba ukiarifiwa kuwa tuzo iko tayari, saa imeanza kwenda, uichukue usiichukue. La sivyo anayejua ameshindwa angeiacha tuzo ofisini kwa mwamuzi mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu tangu siku ya ile baruapepe: wiki nane zimekwisha, umebakiwa na kama mwezi mmoja. Kuna mawakili watakaokwambia unaweza kubishania tarehe ya kupokea. Unaweza, lakini kwa nini uanze safari kwa ugomvi unaoweza kuuepuka?

Nasema hivi kwa sababu kuna jambo lililonipata Nakuru. Mfanyabiashara wa nafaka aliniletea tuzo iliyokuwa na kasoro kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Bahasha yake ilikuwa imeandikwa tarehe kwa penseli pembeni, maandishi madogo ya karani. Nilihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, nikarudia. Alikuwa amechelewa siku nne. Wiki zote hizo alikuwa akimwandikia mwamuzi barua za kumsihi afikirie upya, akidhani barua zinasimamisha siku. Ombi la aina moja tu ndilo linaloahirisha hesabu: lile la kifungu cha 34, la kumwomba mwamuzi arekebishe kosa la hesabu au la uchapaji, afafanue sehemu fulani, au aamue dai alilolisahau. Nalo lina siku 30 tu tangu kuipokea tuzo. Yule mzee alizikunja karatasi zake polepole na kuzirudisha ndani ya bahasha ile ile. Sijamsahau.

Sasa neno rufaa. Huna rufaa, Mwalimu. Nimemwita huyu mtu mwamuzi kama ulivyomwita wewe, sikumwita msuluhishi, ingawa sheria yenyewe inajulikana kama ya usuluhishi. Msuluhishi katika lugha yetu ya kila siku ni yule anayewakalisha watu wapatane. Huyu wenu kazi yake ilikuwa kukata shauri, ile ambayo mawakili huiita arbitresheni, na mlipotia sahihi mkataba mlikubali kwamba neno lake litakuwa la mwisho. Kifungu cha 32A kinasema hivyo waziwazi. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba mahakama haitaingilia mambo yanayosimamiwa na sheria hiyo isipokuwa pale sheria yenyewe iliporuhusu. Ruhusa yenyewe ni finyu, na ilikusudiwa iwe finyu.

Zamani mlango ulikuwa mpana zaidi. Chini ya sheria ya 1968, iliyotumika mpaka hii ya sasa ilipoanza mwezi wa Januari 1996, tuzo ilipingwa kwa madai mapana ya kwamba mwamuzi alikiuka mwenendo wa kazi yake, na mawakili waliweza kuchimba makosa ya sheria yaliyojitokeza kwenye maandishi yake. Matokeo yake watu walimlipa mwamuzi, kisha wakaanza kesi upya mahakamani, wakalipa tena. Sheria ya 1995 ilifuata mfano ulioandaliwa 1985 na tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria ya biashara ya kimataifa. Msimamo wake ni kwamba jaji haulizi kama mwamuzi alipatia au alikosea. Anauliza kama mwamuzi alikuwa na mamlaka ya kuamua jambo lile, na kama aliliamua kwa njia ya haki.

Ndiyo maana zile 560,000 za kuchelewa, yaani siku 112 mara 5,000, inabidi uziache. Tuseme umepatia kabisa, kifungu hakitaji notisi hata kidogo. Basi mwamuzi ameusoma mkataba vibaya. Hilo ni kosa la tafsiri, na kosa la tafsiri ni miongoni mwa mambo mliyokubali kuyabeba mlipomchagua yeye badala ya jaji. Katika kesi ya Christ for All Nations dhidi ya Apollo Insurance, Jaji Ringera alikutana na mtu kama wewe, aliyeamini mwamuzi alikosea sheria, akalibeba kosa hilo chini ya jina la sera ya umma, ambayo ni mojawapo ya sababu za kutengua tuzo. Jaji alikataa. Sera ya umma, alisema, inaguswa pale tuzo inapokwenda kinyume na Katiba au sheria nyingine za Kenya, inapodhuru maslahi ya taifa, au inapopingana na haki na maadili. Mwamuzi kukosea kulielewa neno la mkataba hakumo humo. Uamuzi huo ni wa zaidi ya miaka 20 sasa na bado majaji wanaurudia karibu kila wiki. Wakili akikuahidi kushinda kwa sera ya umma, muulize mara mbili.

Kuna njia moja ya kumpelekea jaji swali la sheria: kifungu cha 39. Lakini hiyo hufunguka tu kama ninyi wawili mlikubaliana kwamba maswali ya sheria yanaweza kupelekwa mahakamani. Fungua mkataba wako kwenye kifungu cha migogoro, usome mpaka nukta ya mwisho. Mikataba mingine iliyochapishwa tayari ina mstari huo, watu huusaini bila kuuona. Ukiukuta, niandikie upesi, maana nitabadilisha sehemu ya jibu hili. Usipoukuta, zile 5,000 zimekwisha.

Na picha za nyufa? Mwamuzi kuukataa ushahidi wako si sababu. Kupima ushahidi ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jaji hatazifungua picha zako aamue kama ufa ule ni wa plasta au wa msingi.

Lakini aya ya 61 inabadilisha mambo. Isome tena pole pole. Kama nilivyokuelewa, ushahidi ulikuwa umeshafungwa. Kisha mwamuzi akafunga safari mpaka Maseno, akatembezwa ndani ya hosteli yako na mtu aliyekuwa akikushtaki, akatazama kuta, akarudi akaandika. Jiulize nani aliyemwonyesha njia. Nani alimwambia "ufa ni huu hapa, ni wa plasta tu"? Ule ufa ulioutaja, unaopita nyuma ya kitanda cha chumba namba tisa na kushuka mpaka sakafuni, nani angemsogezea kitanda auone? Mkandarasi hakuwa na sababu ya kukisogeza. Wewe ungekisogeza.

Kifungu cha 19 kinataka pande zote zitendewe sawa na kila upande upewe nafasi ya haki na ya kutosha kueleza kesi yake. Kifungu cha 25 kinataka pande zote ziarifiwe mapema kuhusu kikao chochote cha kukagua mali au hati. Na kifungu cha 35, katika orodha yake fupi ya sababu za kutengua tuzo, kinamtaja mtu ambaye hakupewa taarifa sawasawa ya shauri au ambaye hakuweza kueleza kesi yake. Juu ya hayo kuna Katiba yenyewe, Ibara ya 50, inayompa kila mtu haki ya kusikizwa kwa usawa mbele ya mahakama au chombo kingine huru.

Sitakudanganya kwamba ukisema tu "alikuja bila mimi" tuzo inaanguka. Jaji atauliza: je, ziara hiyo iliathiri uamuzi? Ingekuwa mwamuzi alipita akaona jengo kwa nje halafu hakulitaja tena, ungekuwa na malalamiko bila kesi. Kwa hiyo tafuta katika tuzo kila mahali anapotegemea alichokiona. Ukikuta maneno kama "nilijionea mwenyewe", pigia mstari. Kama ni kwa sababu ya alichokiona ndipo alikataa hoja yako ya kasoro na kuamuru urudishe zile 760,000, hapo kamba imefungwa pande zote mbili: alipokea ushahidi bila wewe, na ushahidi huo ndio uliokuhukumu. Picha zako zina kazi hapa. Hazithibitishi kwamba nyufa ni mbaya. Zinamwonyesha jaji ulichonyimwa nafasi ya kumwonyesha mwamuzi. Ziambatanishe na hati yako ya kiapo kwa sababu hiyo tu, na uandike hivyo, la sivyo wakili wa mkandarasi atasema unataka kesi isikizwe upya.

Nina neno moja la moyoni. Mimi mwenyewe hukaa kama mwamuzi mara kwa mara, na kazi hii inasimama kwa imani tu. Hatuna polisi wala jela, watu hutuachia fedha na majengo yao kwa sababu wanaamini tutawasikiza wote wawili. Mwamuzi anapopanda gari la upande mmoja, hata kama nia yake ni njema, hata kama aliona tu barabara ni ndefu na lifti ni ya bure, anaibomoa imani hiyo. Nikienda kukagua jengo huandika barua kwa wote siku kadhaa kabla, na asipotokea mmoja narudi nilikotoka. Hilo si jambo kubwa kumdai mwamuzi yeyote.

Tuje kwenye ukuta wa ua. Kuna sababu nyingine katika kifungu cha 35: tuzo iliyoamua jambo ambalo halikuwa katika yale mliyokubaliana kumpelekea mwamuzi. Mamlaka yake yanatoka kwenye mkataba wenu, na ukuta, kwa maelezo yako, ulikuwa mapatano mengine. Sheria inaruhusu sehemu iliyozidi mipaka ikatwe na nyingine ibaki, kama zinatenganishika. Zako zinatenganishika: 620,000 imesimama peke yake katika tuzo. Ukiiondoa, inabaki 3,760,000.

Ila nina swali linalonitia wasiwasi. Mkandarasi alipodai ukuta mbele ya mwamuzi, ulisema nini? Kama ulijibu tu kwamba ukuta ulijengwa vibaya au kwamba ulishaulipia, bila kusema kwamba jambo hilo haliko chini ya mwamuzi, utaambiwa ulikubali. Kifungu cha 17 kinataka pingamizi la kuzidi mipaka litolewe mara tu jambo linapojitokeza, na kifungu cha 5 kinamhesabu aliyejua kasoro akanyamaza kuwa ameiacha haki yake. Pia angalia kama mkataba wako unazungumzia kazi za ziada. Ikiwa unasema kazi za nyongeza zitakazoagizwa zitakuwa sehemu ya mkataba, hoja hii inakonda sana. Kwa ziara ya mwamuzi kifungu cha 5 hakikugusi vivyo hivyo, kwa sababu hukujua. Ulijua siku uliyoisoma tuzo.

Mahakama ya kwenda ni Mahakama Kuu, kama ulivyosema. Hakimu wa Maseno hana mamlaka ya kutengua tuzo. Unapeleka ombi pamoja na hati ya kiapo, tuzo na mkataba. Jaji anaweza kukataa ombi, kutengua tuzo yote, kutengua sehemu, au ukiomba, kusimamisha shauri kwa muda ili mwamuzi aondoe kasoro mwenyewe. Anaweza pia kuagiza fedha zote au dhamana ya fedha hizo iwekwe mahakamani wakati ombi likisubiri, na watu wengi hawaambiwi hilo mapema. Kwa mtu mwenye mkopo wa sacco agizo kama hilo ni zito, kwa hiyo zungumza na wakili wako sasa kuhusu dhamana gani unaweza kutoa, na hesabu zako uwe nazo siku ya kwanza.

Usikae ukingoja mkandarasi aanze yeye. Anaweza kupeleka tuzo Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 36 ili itambuliwe na kutekelezwa kama hukumu, na baada ya hapo ni madalali langoni. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kupinga utekelezaji kwa sababu zinazofanana na zile za kifungu cha 35, lakini mtu aliyeuacha muda wake upite huanza akiwa na doa mbele ya jaji. Usiufanye huo kuwa mpango wako.

Ukishindwa Mahakama Kuu, je, Mahakama ya Rufaa? Hilo lilibishaniwa miaka mingi mpaka tarehe 6 Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi mbili kwa siku moja. Moja ni ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, ambapo Mahakama Kuu ilikuwa imetengua tuzo ya shilingi zaidi ya milioni 541 kwa kuwa mwamuzi alitoka nje ya mkataba wa usambazaji. Nyingine ni ya Synergy Industrial Credit dhidi ya Cape Holdings, tuzo ya zaidi ya bilioni 1.6. Majaji walisema mlango wa Mahakama ya Rufaa haujafungwa kabisa, lakini unafunguliwa kwa ruhusa, na kwa nadra: pale jaji alipotengua tuzo kwa sababu zisizo katika kifungu cha 35, akafanya kosa zito na la wazi kiasi cha kumfungia mtu mlango wa haki. Synergy walipita hapo, na 2020 Mahakama ya Rufaa ikairudisha tuzo yao. Angalia ni nani waliofunguliwa: ni walioshinda kwa mwamuzi wakanyang'anywa na jaji. Wewe umeshindwa kwa mwamuzi. Ichukulie Mahakama Kuu kuwa kituo chako cha mwisho, na uweke nguvu zako zote hapo.

Jambo jingine usije ukaliona kama usaliti baadaye: tuzo ikitenguliwa, deni halijafutwa. Jaji hatasema huna deni la mkandarasi, atasema tu kwamba uamuzi ule haukufikiwa kwa haki. Ugomvi wenu utabaki, na huenda ukaenda kwa mwamuzi mwingine. Ndiyo maana ningekushauri, siku ile ile wakili anapopeleka ombi, amwandikie pia wakili wa mkandarasi kuuliza kama yuko tayari kuzungumza. Ndani ya zile milioni tatu kuna kazi ambayo wewe mwenyewe umekiri katika barua yako kwamba aliifanya. Mkandarasi naye akiisoma aya ya 61 na wakili wake, ataona hatari aliyonayo ya kuanza upya.

Wiki hii tafuta vitu vitatu. Ile baruapepe ya kuarifiwa, ikiwa na tarehe na saa yake. Jibu lako la maandishi kwa dai la ukuta. Na yale maagizo ambayo mwamuzi aliwapa kwenye mkutano wa kwanza kabisa, ile karatasi ya kurasa mbili tatu ya ratiba ambayo watu huitupa: waamuzi wengi huandika humo jinsi ukaguzi wa jengo utakavyofanywa na nani atakuwepo. Kama yeye mwenyewe aliandika kwamba atakagua mbele ya pande zote mbili, karatasi hiyo iende kwenye hati ya kiapo kabla ya picha, kabla ya mkataba, kabla ya kitu kingine chochote.